Mkubwa Akubali Kupungua

Tarehe 10 Novemba 2015, wakati sisi huku Mbeya bado tunajadili matokeo ya uchaguzi wetu wa Oktoba, Bunge la Ureno liliiangusha serikali iliyoapishwa siku chache tu kabla. Muungano wa mrengo wa kulia wa Pedro Passos Coelho ulikuwa umeongoza kwa viti 107 kati ya 230. Vilikuwa vingi kuliko vya mtu mwingine yeyote, lakini havikufika nusu. Chama cha Kisoshalisti cha António Costa kilikuwa cha pili, viti 86. Kikaenda kuzungumza na watu wa kushoto ambao kwa miaka mingi kilikuwa hakiivi nao chungu kimoja: Bloco de Esquerda wenye viti 19, na Wakomunisti ambao pamoja na washirika wao wa Kijani walikuwa na 17. Jumla ikawa 122. Kabla mwezi haujaisha Costa alikuwa Waziri Mkuu, na serikali yake ilimaliza miaka yote minne.

Nafundisha Historia kwenye sekondari moja hapa Uyole. Nilipowasimulia kidato cha sita habari hii, mvulana mmoja aliyekaa nyuma alisimama bila hata kunyoosha mkono. "Madam, huo si wizi? Wa kwanza yupo, wa pili anapewaje nchi?" Wenzake wakampigia makofi. Swali hilohilo nimelisikia kwa madereva wa stendi ya Nane Nane, nimelisikia nje ya kanisa baada ya ibada, na kaka yangu anayeishi Kihesa, Iringa, hulileta kila tukibishana siasa kwenye simu. Nalipenda, kwa sababu anayeliuliza anataka kura iheshimiwe. Ndiyo maana linastahili jibu refu.

Sehemu ya kwanza ya jibu iko hapa hapa kwetu. Tangu 9 Desemba 1961 mpaka 9 Desemba 1962 Tanganyika haikuwa na Rais. Ilikuwa na Gavana Mkuu aliyemwakilisha Malkia, na serikali iliongozwa na Waziri Mkuu aliyetoka bungeni. Mwalimu Nyerere aliushika uwaziri mkuu huo kwa wiki chache tu baada ya uhuru. Januari 1962 akajiuzulu ili akakijenge chama, na Rashidi Kawawa akachukua nafasi yake. Hapakuwa na uchaguzi mkuu. Hakuna mkulima wa Rungwe wala mfanyabiashara wa Iringa Mjini aliyepiga kura kumchagua Kawawa kuwa Waziri Mkuu, na hakuna aliyesema nchi imeibwa. Katika mfumo wa kibunge mwananchi humchagua mbunge, basi. Wabunge ndio wanaosema nani aongoze serikali, na hao hao ndio wanaoweza kumwondoa wakimchoka. Kushika nafasi ya kwanza ni habari nzuri ya kuandikwa gazetini, lakini katika mfumo huo si cheo. Cheo ni cha yule anayeweza kusimama bungeni na nusu ya wabunge na zaidi wakasema tuko naye.

Sisi tumezoea kumpigia Rais kura moja kwa moja, ndiyo maana hesabu hii inatutatiza. Hata jirani zetu wa Malawi, ambao watu wa Kyela wanavuka Kasumulu kwenda kufanya nao biashara asubuhi na kurudi jioni, muungano wao wa Tonse wa 2020 ulikuwa wa kumpata Rais mmoja, Lazarus Chakwera, kwa kura za nchi nzima. Huo ni mchezo mwingine. Muungano wa kumchagua Rais huisha kazi yake kubwa siku ya kuapishwa. Muungano wa bungeni huanza kazi siku hiyo, na unaweza kuvunjika wiki yoyote.

Lakini kuwa halali hakutoshi. Kanada walijifunza hilo mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Oktoba, Conservative cha Stephen Harper kilikuwa na viti 143 kati ya 308. Mwishoni mwa Novemba serikali yake ikaleta taarifa ya uchumi ambayo, pamoja na mengine, ilipendekeza kufuta ruzuku ya vyama, na upinzani ukawaka. Tarehe 1 Desemba, Stéphane Dion wa Liberal, viti 77, na Jack Layton wa NDP, chama cha mrengo wa kushoto, viti 37, wakatia saini ya kuunda serikali ya mseto. Gilles Duceppe wa Bloc Québécois mwenye viti 49 akaahidi kuiunga mkono bila kuchukua wizara. Jumlisha: 163. Hesabu ilikuwa safi.

Serikali hiyo haikuzaliwa. Harper alikwenda kwa Gavana Mkuu, Michaëlle Jean, tarehe 4 Desemba, akaomba vikao vya Bunge visitishwe mpaka Januari 26, akakubaliwa. Wengi wanamlaumu Gavana Mkuu, na mimi pia naona ombi lile lilimpa Harper mlango wa kukimbia kura ambayo angeishindwa. Hata hivyo ukisoma mambo ya wiki ile unaona muungano ulikuwa unachechemea kabla hata mlango haujafungwa. Wakati wa kampeni Dion alikuwa amekataa mbele ya watu wazo la kuungana na NDP. Baada ya kushindwa alikuwa ametangaza kwamba anaachia uongozi wa chama. Kwa hiyo wananchi waliletewa Waziri Mkuu anayeondoka, katika mpango aliosema hataufanya, ukishikiliwa na chama ambacho lengo lake ni kuitoa Quebec ndani ya Kanada. Bunge liliporudi Januari, Liberal walikuwa na kiongozi mpya, Michael Ignatieff, naye akaiunga mkono bajeti ya Harper.

Costa na Dion walikuwa na haki ileile ya kikatiba. Tofauti niionayo ni kwamba Costa alitia saini karatasi tofauti na kila chama, zikiandika nini kitafanywa kuhusu mishahara, pensheni na kodi, halafu akasimama mwenyewe kuongoza. Dion alikuwa na hesabu na hasira.

Siwezi kulieleza jambo hili kwa Watanzania nikaruka Zanzibar, ingawa naona vitabu vya shule vinaipita haraka mno. Pale ndipo serikali ya mseto ya kibunge iliwahi kujaribiwa katika ardhi yetu, kwa lugha yetu, na ikaishia kwa damu.

Januari 1961 viti vilikuwa 22. ASP (Afro-Shirazi) ya Abeid Karume ilipata 10, ZNP (Hizbu) 9, na ZPPP, chama cha watu wa Unguja na Pemba cha Mohammed Shamte, 3. Wale watatu wakagawanyika, wawili wakaenda kwa ZNP na mmoja kwa ASP, zikawa kumi na moja kwa kumi na moja. Hakuna aliyeweza kuunda serikali. Kikaongezwa kiti kimoja na uchaguzi ukarudiwa Juni: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Siku za uchaguzi ule watu waliuana mitaani na mashambani. Shamte akaungana na ZNP, na yeye, kiongozi wa chama chenye viti vitatu, ndiye akawa kiongozi wa serikali. Julai 1963, viti vikiwa 31, ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6. Kumi na nane dhidi ya kumi na tatu. Shamte akawa Waziri Mkuu, uhuru ukaja 10 Desemba 1963, na serikali ile ikapinduliwa 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baadaye.

Mambo mengine mengi yalichangia mapinduzi: ardhi, asili za watu, kumbukumbu za utumwa, askari polisi wa bara walioachishwa kazi. Sitaki kuyashindilia yote ndani ya hesabu ya viti. Ila kwa swali letu la leo kuna jambo linaloniuma kila ninapolifundisha. ZNP walifanya kile ambacho kwa kawaida nakisifu: chama kikubwa katika muungano kilimwachia mdogo kiti cha juu. Kati yao wenyewe walielewana vizuri. Waliowasahau ni walio nje. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walikuwa upande ule mwingine, na hakukuwa na wizara, wala kamati, wala hata neno la faraja lililowafanya waone kwamba serikali hii ni yao pia. Muungano una maana pale unapopanua idadi ya watu wanaojiona ndani ya serikali. Ule uliipunguza. Kwa hiyo mwanafunzi wangu akiuliza kama wa pili anaweza kutawala, namjibu ndiyo, kisha namwambia atazame kura, asitazame viti peke yake. Costa na washirika wake walikuwa na wingi wa viti na wa kura. Shamte na ZNP walikuwa na wingi wa viti tu.

Sasa nije kwenye kile ninachokiamini zaidi, na ambacho sikisikii kikisemwa vya kutosha vijiweni. Tunapozungumzia upinzani kuungana, tunahesabu nani atapata nini. Ningependa tuanze kwa kuhesabu nani ataacha nini, na tuanze na mkubwa.

Mfano ulionifundisha hili ni wa Ireland, 1948. Éamon de Valera na Fianna Fáil walikuwa wametawala tangu 1932, miaka 16. Uchaguzi wa Februari ukawaacha bado chama kikubwa kuliko vyote, viti 68 kati ya 147, lakini bila nusu. Upande wa pili palikuwa na mchanganyiko wa kutisha: Fine Gael ya kihafidhina, viti 31, vyama viwili vya wafanyakazi vilivyokuwa vimegombana na kutengana, Clann na Talmhan, chama cha wakulima, Clann na Poblachta, chama kipya cha wanajamhuri wenye msimamo mkali, na wabunge huru. Hawakuwa na itikadi moja. Walichokuwa nacho ni uchovu wa kutawaliwa na mtu mmoja.

Kiongozi wa Fine Gael, Richard Mulcahy, ndiye aliyestahili kuwa Waziri Mkuu kwa hesabu yoyote ile. Lakini Mulcahy aliongoza jeshi la serikali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922 na 1923, na jeshi hilo liliwapiga risasi makumi ya wafungwa wa upande wa wanajamhuri. Seán MacBride wa Clann na Poblachta alitoka upande huo wa pili; aliwahi hata kuwa mkuu wa majeshi wa IRA, jeshi la siri la wanajamhuri hao. Yeye na watu wake hawakuwa tayari kukaa baraza moja chini ya Mulcahy. Fikiria uzito wa jambo hilo. Mulcahy angeweza kusema: mimi nina viti 31, wewe una 10, nani amfuate nani? Angekuwa na haki, na de Valera angeendelea kutawala.

Alikaa pembeni. Fine Gael wakamleta John A. Costello, mwanasheria aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa serikali, ambaye hakuwa kiongozi wa chama na hakukimbilia cheo hicho. Mulcahy akabaki kiongozi wa chama chake na akakubali kuwa Waziri wa Elimu. Wanafunzi wangu huwa kimya kidogo hapo, halafu mmoja huuliza, "Waziri wa Elimu tu?" Naam, Waziri wa Elimu. Na serikali ile iliyodharauliwa kuwa haitadumu ilikaa mpaka 1951, ikaitoa Ireland katika Jumuiya ya Madola na kuifanya jamhuri. Ilikuja kuanguka baada ya ugomvi mkubwa juu ya mpango wa matibabu ya bure kwa mama na mtoto wa waziri kijana, Noël Browne, uliopingwa na maaskofu na madaktari. Walikuwa wamekubaliana vizuri juu ya nani akae wapi. Juu ya mambo kama hayo, hawakuwa wamekubaliana.

Kisiwa cha Morisi nako kuna mfano mtamu. Mwaka 2000, Anerood Jugnauth wa MSM na Paul Bérenger wa MMM, wote wakiwa upinzani na wote wakiwa wameshagombana na kupatana zaidi ya mara moja, walitangaza makubaliano kabla ya kura: wakishinda, Jugnauth atakuwa Waziri Mkuu kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha Bérenger kwa miwili. Wakashinda viti 54 kati ya 62. Watu wengi walisubiri kuona kama mzee atatoka kweli. Mwishoni mwa Septemba 2003 alitoka, na Bérenger akaingia. Sisi Afrika Mashariki tunakumbuka ya Kenya: makubaliano ya muungano wa NARC ya 2002 yalimwahidi Raila Odinga uwaziri mkuu ambao haukuwemo hata kwenye katiba ya wakati ule. Kibaki alipoingia Ikulu ahadi ikabaki karatasini, na muungano ukapasuka. Mpango wa Morisi ulitangazwa hadharani na ulitegemea cheo kilichokuwepo. Wa Kenya ulitegemea cheo cha kuja kutengenezwa baadaye na mtu ambaye tayari ana madaraka yote.

Israeli, Juni 2021, Yair Lapid mwenye viti 17 alimtanguliza Naftali Bennett ambaye chama chake kilipata 7, ili tu vyama vinane, kikiwemo chama cha Waarabu cha Mansour Abbas, viweze kumwondoa Benjamin Netanyahu baada ya miaka 12 mfululizo. Kura zilikuwa 60 kwa 59. Kwa wingi wa kura moja huwezi kumpoteza mtu hata mmoja, nao walimpoteza. Mwaka mmoja baadaye Bunge lilivunjwa. Sina mengi ya kusema juu yao zaidi ya hilo.

Nina mengi ya kusema juu ya Lesotho. Ni nchi ya milima na baridi, mtu wa Makete angejisikia nyumbani, na ni mfumo wa kibunge kamili: mfalme juu, Waziri Mkuu bungeni, viti 120. Mei 2012 Pakalitha Mosisili, aliyekuwa madarakani tangu 1998, alipata viti 48 na chama chake kipya. Alikuwa wa kwanza. Tom Thabane wa ABC alikuwa na 30, LCD ya Mothetjoa Metsing 26, na BNP ya Thesele Maseribane 5. Thelathini, ishirini na sita, na tano ni 61. Nusu na kimoja. Mosisili aliachia madaraka kwa amani na Thabane akaapishwa Juni. Kusini mwa Afrika nzima watu walisifu, na walikuwa na haki ya kusifu.

Mambo yalianza kuharibika taratibu. Metsing, Naibu Waziri Mkuu mwenye viti karibu sawa na vya bosi wake, alianza kulalamika kwamba maamuzi makubwa yanafanywa bila yeye kuulizwa. Wakati huohuo alikuwa akichunguzwa kwa tuhuma za rushwa, kwa hiyo kila upande ulikuwa na maelezo yake: mmoja unasema nadharauliwa, mwingine unasema unaogopa mahakama. Huenda wote walikuwa na ukweli kiasi. Ilipoonekana kura ya kutokuwa na imani inakuja, Thabane alisitisha vikao vya Bunge, Juni 2014, kama Harper alivyofanya Kanada. Ila Kanada jeshi halikuwa na chama. Tarehe 30 Agosti wanajeshi walivamia vituo vya polisi na Thabane akakimbilia Afrika Kusini. SADC ikamtuma Cyril Ramaphosa kupatanisha, uchaguzi ukaletwa mapema, Februari 2015, na Mosisili akarudi akiwa na mseto wa vyama saba.

Nauona msiba wa Lesotho umeanzia pale ambapo mwenye viti 30 alijiona ameshinda. Hakushinda. Waliungana watatu wakashinda. Waziri Mkuu wa mseto anayeteua na kutumbua kana kwamba ana viti 61 vya kwake ameshavunja muungano, hata kama tangazo la kuvunjika litachelewa mwaka mzima.

Akina mama wa vicoba huku kwetu wanalijua hili vizuri. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti ambao si viongozi wakuu wa kikundi. Hakuna anayeona ametukanwa kwa kutopewa funguo zote. Serikali ya mseto inahitaji kitu cha namna hiyo juu ya mambo machache: bajeti, uteuzi wa wakuu wa vyombo vya ulinzi, na uamuzi wa kusitisha au kuvunja Bunge. Hayo yasifanywe na mmoja. Mengine yote wanaweza kugombana wanavyotaka, na watagombana, maana walikuwa vyama tofauti kwa sababu.

Mwaka 2015 tulikuwa na UKAWA. Wasomaji wangu wa Nyanda za Juu Kusini hawahitaji kukumbushwa hali ilivyokuwa, uwanja wa Ruanda Nzovwe ulivyofurika, bajaji zilivyopeperusha bendera kutoka Mwanjelwa mpaka Kabwe. Mimi ni mtumishi wa umma, sikuvaa fulana ya mtu, lakini nilikuwa na macho. Vyama vinne, CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, vilivyokutana katika kususia Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014, vilikubaliana kuachiana majimbo na kusimamisha mgombea mmoja wa urais. Sheria ya wakati ule haikuwa na nafasi ya muungano wa vyama, kwa hiyo Edward Lowassa aligombea kwa tiketi ya CHADEMA, akapata karibu asilimia 40. Huku kwetu matunda yalionekana: Mbeya Mjini na Iringa Mjini vilibaki upinzani, Tunduma, Momba na Mbozi navyo vikaenda huko.

Lakini jinsi mgombea alivyopatikana iliacha jeraha. Lowassa alihama CCM mwishoni mwa Julai. Ndani ya majuma machache Profesa Lipumba alikuwa amejiuzulu uenyekiti wa CUF na Dk. Slaa alikuwa ameachana na siasa za CHADEMA. Kaka yangu wakati ule alikuwa mwanachama wa chama kimoja kidogo, sitakitaja, na nakumbuka alivyoniambia kwenye simu, "Dada, sisi huku tawini tumesikia redioni kama wewe." Hakuwa na tatizo kubwa na mgombea. Tatizo lake lilikuwa redio. Na kuna majimbo ambako makubaliano ya kuachiana yalishindikana, vyama viwili vya UKAWA vikagawana kura na CCM ikapita katikati. Segerea, Dar es Salaam, ndilo lililosemwa sana.

Nikifikiria yale, najiuliza ingekuwaje kama UKAWA wangepata wingi bungeni na wasipate urais. Swali hili si la ndoto. Katiba yetu imeliwaza, na nashangaa jinsi tunavyolipita. Ibara ya 51 inasema Rais atamteua Waziri Mkuu kutoka kwa wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi zaidi. Na kama hakuna chama cha namna hiyo, basi mbunge anayeelekea kuungwa mkono na walio wengi. Na hawezi kushika kazi mpaka Bunge limthibitishe kwa kura. Ibara ya 53A inaliruhusu Bunge kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Ikipita, lazima ajiuzulu na Rais ateue mwingine. Vipande hivi ni vya mfumo wa kibunge, vimebaki ndani ya nchi yenye Rais mtendaji.

Kipo na kizuizi. Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake unakwisha. Nakiunga mkono kwa sababu kinazuia kununuliwa mmoja mmoja, lakini kina matokeo yake: mazungumzo yote ya mseto yangekuwa mikononi mwa viongozi wa vyama, na mbunge wa Kyela au Mufindi asingekuwa na sauti ila kupitia kwao. Tangu 2019 Sheria ya Vyama vya Siasa inatambua vyama kuungana. Hilo ni hatua.

Kinachobaki wazi ni namna Rais atakavyojua nani "anaelekea kuungwa mkono". Hapo darasa langu liligawanyika, na mimi nina upande. Baadhi ya wanafunzi walitaka viongozi wa vyama wapeleke barua Ikulu, yaishe. Kanada jambo hilo ni la Gavana Mkuu kupima, na tuliona Desemba 2008 lilivyomweka mtu mmoja mahali pagumu. Ujerumani Bunge linamchagua Kansela kwa kura ya siri, na Mei 2025 Friedrich Merz, ambaye mseto wake ulikuwa na viti 328, alipata kura 310 katika duru ya kwanza, sita pungufu ya alizohitaji. Angalau watu 18 wa upande wake walimwacha na hakuna raia aliyejua ni akina nani. Ireland mbunge anapiga kura ya wazi, jina lake linaandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge. Mimi nataka ya Ireland. Nataka Spika asome majina, mbunge wangu ajibu ndiyo au hapana, na Jumamosi akija Uyole sokoni mama anayeuza viazi aweze kumuuliza kwa nini.